Chupa Mbili Nyuma ya Soda

Mpe Rhobi Nyamhanga haki yake kwanza, hayo mengine atapewa baadaye. Mwanamke yule alikuwa mchapakazi. Mumewe alipofariki alilima ekari tatu za pamba peke yake, akajenga duka la matofali ya kuchoma mbele ya nyumba yake, kando ya barabara ya Butiama, na umeme ulipofika akanunua friji, ya kwanza kijijini. Na aliposali, alisali kweli. Kwa miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, familia kumi na nne za Kikatoliki zinazokutana kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Katika miaka hiyo tisa hakukosa hata siku moja, hata ile Jumamosi aliyokuwa na malaria akasali rozari nzima huku meno yanagongana.

Mtu aliyempenda kuliko wote ni mdogo wake, Gloria. Mama yao alikufa Gloria akiwa mtoto, Rhobi akamlea. Alipofika miaka kumi na moja, mtoto akaanza kunywa maji bila kutosheka, akakonda, akaanguka darasani. Hospitali huko Musoma wakasema ni sukari, ile inayotaka sindano kila siku mpaka mwisho wa maisha. Nesi akampa Rhobi chungwa na bomba la sindano, akamwambia ajifunzie hapo kwanza. Rhobi alilichoma chungwa lile mchana kutwa mpaka likawa linavuja mikononi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ilikuwa ishara ya msalaba, Salamu Maria moja, kisha sindano. Gloria alikua akidhani sala na sindano ni kitu kimoja.

Gloria akaolewa na Edwin, kijana wa kubeba marobota ya pamba kiwandani Bunda, wakajenga ng'ambo ya korongo, mwendo wa robo saa tu kutoka dukani. Chupa ya dawa anayotumia alikaa nayo mwenyewe, ndani ya mtungi wa maji isipate joto. Chupa za akiba na sindano zake zilibaki kwenye friji ya dada, nyuma ya soda. Kijiji kizima kilijua hivyo, maana kila aliyeagiza soda aliziona.

Halafu likaja turubai.

Lilisimikwa nje kidogo ya Bunda, na ndani yake akawemo mtu anayeitwa Nabii Mashimba. Nabii, eti. Alikuwa na suti nyeupe na spika nne, na mafundisho yake hayakumchosha mtu kuyashika: mwenye imani haugui, anayeugua hana imani, na anayemeza dawa anamwambia Mungu kwamba hawezi. Leta dawa zako madhabahuni, leta na kadi ya kliniki, ichomwe. Watu wazima wenye akili zao wakapanda magari kwenda kuchomewa kadi.

Familia mbili za jumuiya zikaanza kwenda. Rhobi akasema mbwa mwitu kaingia zizini, na hapo hakukosea hata kidogo, mbwa mwitu alikuwepo. Mwezi wa tatu akaita kikao, akasimama na daftari mkononi, akasoma azimio aliloliandika mwenyewe. Atakayekwenda kwenye turubai hatasalimiwa Tumsifu Yesu Kristu. Hatakula na wanajumuiya, wala hatasaidiwa shambani. Akifa, jumuiya haitamzika. Itakuwa hivyo mpaka asimame mbele ya jumuiya nzima na kuukana uongo ule kwa kinywa chake.

Katekista wao, Stanislausi, mzee mpole ambaye ndiye huzika watu Padre akiwa mbali, alikuna kichwa.

"Mama Mwenyekiti, Padre hatujamuuliza. Na kuzika wafu tulifundishwa ni tendo la huruma."

"Mwalimu, samaki mmoja akioza, huoza wote. Unataka tuoze kwa huruma?"

Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, likapita. Rhobi akaliandika upya kwa kalamu nyekundu.

Mwezi wa tano akafa Rebeka, mke wa Mzee Pastory. Bibi yule alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha kwa amri ya turubai. Pastory mwenyewe hakuwahi kukanyaga kule, lakini azimio lilimhusu marehemu. Hakuna aliyekwenda. Rhobi alisimama kwenye njia panda na rozari yake, akiangalia nani atapita na jembe, na alivyosimama pale hakupita mtu. Pastory ana miaka sabini na moja. Alichimba kaburi la mkewe yeye na mkwe wake, kwenye ardhi ya mawe, kuanzia asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, kwa binadamu mchungu, na siku ile nguruwe alikuwa Pastory. Baada ya msiba aliendelea kuja dukani kununua soda na kuinywa kwenye benchi la nje bila kusema neno. Rhobi alimuuzia, biashara ni biashara, na taratibu akamzoea kama alivyolizoea lile benchi.

Mwezi wa saba mimba ya Gloria ikatoka. Ilikuwa ya tatu. Mwanamke mwenye miaka ishirini na mitano, mimba tatu, mtoto hana, na mapaja yamejaa alama za sindano. Mtu akamwambia Nabii anafungua matumbo. Akaenda.

Rhobi alipopata habari alijifungia chumbani akalia. Kisha akanawa uso, akatoka, akalitekeleza azimio. Gloria alipita dukani akasema, "Shikamoo, dada," na dada akageuka kupanga pakiti za chumvi. Watu waliokuwepo waliona. Jumamosi iliyofuata walimsifu, wakasema huyu mama hana upendeleo, hata damu yake haiachi. Iliuma, na ilimpendeza pia. Kama kuna mahali Rhobi alipotea, ni hapo, alipoanza kupendezwa.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, Nabii aliwaita mbele wote wenye dawa mkobani. Gloria, ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa bado anajichoma kwa siri, akatoa chupa yake na kadi yake. Chupa ikamwagwa, kadi ikachomwa, spika zikapiga shangwe. Edwin alikuwa Bunda kwenye msimu wa pamba, hakuwa amerudi nyumbani wiki hiyo.

Alhamisi saa nane mchana Gloria akaja dukani. Ile robo saa aliitembea kwa zaidi ya saa moja. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na pumzi yake ilinuka ule utamu mbaya ambao Rhobi aliufahamu tangu mtoto ana miaka kumi na moja. Mzee Pastory alikuwa benchini na soda yake. Rhobi hakumhesabu.

"Dada, naomba maji."

Rhobi akampa. Gloria akanywa kikombe kimoja, akaomba cha pili, akaomba cha tatu.

"Naomba na dawa yangu, dada. Ile ya nyumbani niliitoa kule Jumapili. Nimekosea. Yule mtu ni mwongo, na mimi sirudi tena kule. Namwomba Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Sasa mtu akisema hivyo, kimebaki nini? Maneno hayohayo Rhobi alikuwa ameyaombea novena mbili, sala za siku tisa tisa. Moyo ulimruka kwa furaha, na mkono wake ukawa tayari umeshika mlango wa friji. Kisha akaifikiria Jumamosi. Zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwake. Akamwona Gloria amesimama katikati ya watu akikana, zile familia mbili zinasikia, na kila mmoja anasema mwenyekiti kamrudisha kondoo wake. Alitaka jambo hilo lionekane. Mkono ukauachia mlango.

"Nimefurahi sana," akasema. "Keshokutwa tunasali hapa. Njoo uyaseme hayo mbele ya watu, halafu uchukue dawa yako."

"Dada, Jumamosi ni mbali."

"Siku mbili tu."

"Wewe unaijuaga hii hali. Si wewe ndiye ulikuwaga unanichoma?"

"Na wewe ulikuwa unaijua ulipompelekea tapeli chupa nzima. Azimio halina ndugu, Gloria. Nikikupitisha wewe mlango wa nyuma, kesho nitamwambia nini mtu mwingine?"

"Sindano moja tu. Nyingine nitazikuta Jumamosi."

Rhobi akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa chafu. Gloria alikitazama kile kitambaa, ameshika ukingo wa kaunta. Kisha akatoka, akampa Mzee Pastory shikamoo, akashika njia ya korongoni.

Usidhani Rhobi hakujua. Alijua. Alijiambia kwamba alishawahi kumwona vibaya zaidi ya pale akapona, na kwamba woga kidogo utamkomaza. Jioni alifagia mapema uwanja wake kwa ajili ya jumuiya, akapanga viti.

Ijumaa asubuhi Edwin alirudi kutoka Bunda akamkuta mkewe haamki. Akakodi gari mpaka zahanati, zahanati wakaandika rufaa kwenda Musoma haraka. Hawakufika hata Kiabakari. Edwin, na machozi yake, akawapigia watu wa turubai awaulize maziko yatakuwaje, akajibiwa kwamba aliyekufa kwa ugonjwa hakuwa na imani, na asiye na imani si wa kwao. Basi maiti ikaletwa nyumbani kwa Rhobi, maana ndiko alikolelewa.

Jumamosi viti vilikuwa vimeshapangwa. Wanajumuiya walikuja, wakampa pole mmoja mmoja, wakaenda kusimama upande wa barabarani. Hakuna aliyebeba jembe.

"Tungependa kukusaidia, Mama Mwenyekiti," akasema mmoja wao kwa heshima zote, "lakini azimio ni lako."

Stanislausi alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, ana kitabu na maji ya baraka. Alimvuta Rhobi kando, lakini si mbali, watu walisikia.

"Mama, nijibu neno moja tu. Alitubu? Hata kwa mtu mmoja, hata njiani. Ukisema ndiyo mimi namzika, na lawama nabeba mwenyewe."

Lilikuwa neno dogo. Lakini Rhobi aliuona mkia wake. Akisema ndiyo, watauliza lini. Atasema Alhamisi. Watauliza wapi. Atasema dukani. Na pale pote hapakuwa na mtu asiyejua kilichokaa nyuma ya soda zile. Ili dada yake azikwe na sala, yeye ndiye angelazimika kusimama mbele ya jumuiya nzima na kusema kwa kinywa chake alichofanya. Akatazama watu. Benchini alikuwepo Mzee Pastory, kofia magotini, anamtazama yeye.

"Hakutubu," akasema Rhobi.

Stanislausi akafunga kitabu. Minong'ono ikapita kule barabarani, na haikuwa ya kulaumu. Mama mmoja alisema huyu ndiye mwenyekiti, imani mbele, damu nyuma.

Mzee Pastory akasimama, akavaa kofia, akamuuliza Edwin, "Jembe liko wapi?"

Walichimba wawili, mzee na mjane wa kiume, mpaka saa tisa. Watu walipungua mmoja mmoja. Rhobi alisimama ukingoni, rozari iko mfukoni, na hakuitoa. Gloria aliyesomewa Salamu Maria kila asubuhi kabla ya sindano alishushwa bila hata moja. Pastory alipomaliza kusawazisha udongo alikuja kunawa mikono kwenye ndoo karibu na Rhobi. Rhobi alingoja aseme. Alitamani aseme.

"Udongo wa kwako ni laini," akasema mzee. "Wa kwangu ulikuwa mawe matupu."

Akaenda zake.

Azimio lilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Zile familia mbili ziliingiwa na woga, zikasimama mbele ya jumuiya zikakana, zikapokelewa kwa nyimbo. Turubai lilihamia Musoma na spika zaidi. Kwenye uchaguzi wa jumuiya Rhobi alipita tena bila mpinzani. Edwin aliuza kiwanja akaondoka, wanasema yuko Kisorya.

Chupa mbili bado zipo kwenye friji. Rhobi hajaweza kuzitupa, wala hajaweza kuzigusa kwa makusudi. Na kila Alhamisi saa nane mchana Mzee Pastory huja. Hajamwambia mtu yeyote kijijini alichosikia siku ile. Husalimia vizuri, hutoa hela yake, na huagiza kilekile.

"Nipe ya nyuma kabisa, Mama Mwenyekiti. Za mbele hazijapoa."

Rhobi hufungua mlango, huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole vinapita kwenye vile vichupa viwili vya baridi kabla ya kuifikia soda. Huitoa, huifuta kwa kitambaa, huifungua. Mzee huipokea kwa mikono miwili, hushukuru, hukaa kwenye benchi lake na kuinywa polepole huku anatazama ndani ya duka, mpaka iishe.