Doa la Shali ya Hepzibah

Keziah Gooch alifua nguo za watu miaka thelathini kwenye ngazi za mto Wensum, hapa Norwich, Uingereza, na mimi nilifua ubavuni mwake miaka kumi na tisa. Hakuna doa lililomshinda, liwe la divai, damu au wino. Alijisifu kwa hilo bila haya, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko magadi.

Kiangazi cha mwaka 1824 mchoraji Larter aliketi ng'ambo ya mto na rangi zake za maji, akachora mto, daraja na mnara wa kanisa kuu. Kwenye ngazi akamweka Hepzibah, binti pekee wa Keziah, ameinama na shali yake nyekundu.

"Mnenepeshe kidogo, bwana!" Keziah alimpigia kelele. "Watu watasema simlishi!"

"Mama, wee! Unaniaibisha," Hepzibah alisema, lakini hakutoka pale.

Januari iliyofuata homa ikamchukua Hepzibah, ana miaka kumi na saba. Watu wa hali yetu hatuchorwi, kwa hiyo umbo lake lilibaki kwenye picha ile tu. Miezi miwili Keziah hakutaja jina lake. Kisha siku moja akaniambia, "Twende kwa Larter. Nataka kumwona mara moja tu, basi."

Tulienda mchana, mikono bado imekunjamana kwa maji. Larter alipotuona uso ulimshuka. Picha ilikuwa mezani, na ngazi zilikuwa tupu.

"Mama Hepzibah, nisamehe. Mwenye kiwanda cha bia ameinunua, na hataki madobi mbele ya mji wake. Nimemfuta kwa sifongo juzi."

Juzi! Nilitamani kumzaba kibao. Keziah aliinama. Palipokuwa na shali palibaki doa la waridi, dogo kama ukucha.

"Na hili je?"

"Nyekundu ile imeingia kwenye karatasi, haitoki. Nitachora pipa juu yake."

"Pipa? Juu ya mwanangu?"

"Sina la kufanya, mama. Wanakuja kuichukua leo jioni."

Keziah alivua kitambaa chake cha shingoni. Akachovya ncha yake kwenye kikombe cha maji cha Larter. "Sogea huko. Hujui kufua."

Hakusugua. Aligusa, akainua, akageuza upande mkavu, akagusa tena, huku machozi yakimtiririka na kichwa amekirudisha nyuma yasije yakadondokea karatasi. Doa likapauka, likaisha. Larter naye alilia. Mimi sikumhurumia hata kidogo.

"Sasa chora mawe," Keziah alisema. "Pipa usiweke."

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akifua shuka za mji mzima. Alipofariki, mimi ndiye niliyemwosha. Kitambaa kile nilikikuta chini ya godoro lake, ncha yake ingali ya waridi. Hakuwahi kukifua. Nikamfunga nacho shingoni, tukamzika.