Shikamoo ya Kaka Mlangoni

Leo kaka yangu amempa shikamoo mwanangu wa miaka sita.

Msicheke kwanza.

Tulikuwa tunatoka kwa daktari wa macho. Mwaka jana walimkata kaka kipande kidogo cha ngozi, wakakigeuza kuwa seli shina, zile zinazoweza kuwa seli ya aina yoyote, kisha wakaotesha seli za retina, zile za nyuma ya jicho zinazopokea mwanga. Leo majibu yamefika. Kila seli ina kitu kidogo mno kama unywele, na protini hupita humo kwenda panaponaswa mwanga. Kwake njia hiyo ina kasoro. Protini zinakwama, seli zinakufa.

"Kwa hiyo ugonjwa mmeuona," kaka akasema. "Na dawa?"

"Bado," daktari akajibu.

Tukarudi nyumbani, Chang'ombe.

Mwanangu Neema akatufungulia mlango. Siku hizi kaka haoni sura za watu; akisikia mtu tu, anaamkia, asije akampita mkubwa bila heshima.

"Shikamoo," akasema, kichwa kakiinamisha.

Neema akanitazama, machozi yanamlenga. Nimemfundisha mwenyewe kwamba mdogo ndiye anayeamkia. Kisha akaikaza sauti, akaifanya nzito:

"Marahaba."

Kaka akaniuliza ni nani huyo. Nikadanganya, nikasema ni bibi wa jirani.

Jamani, ninyi mngesemaje?

Tumekula pamoja. Mwishoni kaka akasogeza sahani yake. Paja la kuku hakuligusa.

"Mpeni yule bibi aliyeniitikia," akasema. "Mwambieni mjomba wake anashukuru."