Mipira ya Hewa Chini ya Nyumba ya Tata Mukalayi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipotoka ndani ya gari nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na wanawake wa soko la Kikula wakashika mbavu. Leo nacheka nikisimulia. Siku ile sikucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa magari, na nilijiona nimemaliza elimu yote ya chuma. Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa tuweke kando majina ya ubatizo, basi mtu alikuita "sitwayeni", yaani raia, hata akikutuma maji ya kunywa. Garaji ilikuwa ya Mzee Kalenga, mtu mfupi, mpole, aliyegonga chuma kwa kidole na kusikiliza kabla ya kukifungua. Mimi nilidhani ni uzee tu. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe nilikuwa mimi.

Ndipo akaja Tata Mukalayi; "tata" kwetu ni baba. Alikuwa amemaliza miaka yake kwenye kiwanda cha Kampuni (ile ya madini; huku kwetu ukisema Kampuni, hakuna anayeuliza ipi), na mgongo wake ulikuwa umechoka, hata kukaa kitini ilikuwa taabu. Injinia mmoja Mzungu aliyerudi kwao Ulaya alimwachia gari lake: lori dogo lenye nyumba nyuma, na kitanda, na jiko, hata mapazia ya maua. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa misheni ya Kapolowe, na yeye alitaka kusafiri akiwa amelala. Lakini springi za lile lori zilikuwa ngumu kama ukaidi. Kila shimo la barabara lilimpiga uti wa mgongo.

"Nikifika muzima, miye njo nitapeleka mutoto wangu ku altare," alituambia. "Nikishindwa, atapelekwa na muntu mwingine."

Alisema hivyo akitabasamu, ila mke wake, Mama Ndaya, aliangalia chini.

Mzee Kalenga alipata mipira miwili ya hewa kutoka kwenye basi kuukuu. Ni mipira minene yenye mikunjo, mwanangu, inayojazwa upepo kama tairi. Ukiifunga juu ya ekseli, mmoja kulia na mmoja kushoto, hubeba uzito na kumeza mtikisiko. Akanipa kazi hiyo na neno moja tu: "Kila mupira iko na tuyo yake." Yaani kila mpira uwe na mrija wake wa hewa, na mahali pake pa kujazia.

Mimi nikaona ni mambo ya kizamani. Nikaunganisha mipira yote miwili kwa mrija mmoja, ijazwe kwa pamoja. Nikaendesha kwenye barabara iliyonyooka, nyumba ikiwa tupu, nami nimeshika usukani. Lo! Gari lilielea. Nikamwita Tata Mukalayi, nikamwambia atasafiri kama mtoto mgongoni mwa mama yake.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Mama Ndaya alikuwa ameshapakia vyombo na gunia la unga wa bukari, yaani ugali. Mzee Kalenga akachukua ufunguo.

"Leo miye njo nitaendesha. Weye, enda ulale pa kitanda."

"Mzee, nimeshajaribu."

"Ulijaribu kiti ya shofa. Tata Mukalayi atalala pa kitanda."

Nikalala, huku nikinung'unika. Kwenye kona ya kwanza ya kuteremka kuelekea sokoni, uzito ulielemea mpira mmoja. Hewa yake ikakimbilia kwa mwenzake kupitia mrija ule ule niliojivunia. Upande mmoja ukazama, mwingine ukainuka, nyumba nzima ikainama. Nikaporomoka kutoka kitandani, sufuria zikanifuata, na gunia likapasuka juu ya kichwa changu. Mzee alisimamisha gari taratibu. Nikafungua mlango, nikashuka.

"Yesu!" alipiga kelele Mama Ndaya, aliyekuwa akinunua vitunguu. "Muzungu ya gari amerudia!"

Soko zima lilicheka. Mzee Kalenga peke yake hakucheka. Alinipangusa unga usoni kwa leso yake, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na kama ingekuwa mugongo ya ule mubaba?"

Heri angenitukana.

Nilikwenda mwenyewe kwa Tata Mukalayi, nikamweleza kosa langu lote. Akasema, "Basi rudia kazi, mutoto. Tungali na Ijumaa." Nikaweka mirija miwili, kila mpira na wake. Nikapunguza upepo kidogo, isiwe migumu. Halafu nikamwomba Mzee Kalenga aendeshe tena, nami nikalala kwenye kile kitanda, kona ile ile, mara tatu. Sikuteleza.

Jumamosi tulifika Kapolowe mapema. Mlango wa nyumba ulifunguliwa, na Tata Mukalayi akashuka kwa miguu yake, suruali imenyooka. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya kanisa. Alipomwona baba yake amesimama wima, alisahau shela na viatu vyake vipya, akaja mbio. Wakaingia pamoja, mkono kwa mkono.

Mwanangu, wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kazi yoyote utakayomfanyia mtu, iwe nyumba, dawa au sheria, usiipime ukiwa umekaa pazuri. Nenda ukalale pale atakapolala yeye, na mzigo wake ukiwa ndani. Mkubwa akikuambia "miwili," nawe unaona mmoja watosha, muulize sababu kabla ya kukata mrija. Na ukikosea, nenda ukaseme kosa lako wakati kungali na Ijumaa.

Mungu akupe mikono yenye huruma na masikio mepesi. Akuzungushie watu wa kukuambia ukweli bila kukuaibisha. Na popote uendapo, ufike mzima, ukute wako wanakungoja.