Sura ya Mwenze ndani ya bulongo

Yaya Kalaba, dada yangu mukubwa, alikuwa mufinyanzi wa nyungu, na kichwa yake ilikuwa nguvu kuliko nyungu zake zote. Mwaka wa 1953, padri mumoja mwenye kupenda sinema akamwita. Alitaka bantu badogo ba bulongo, ule udongo wa kufinyangia. Anabasogeza kidogo, anapiga picha, anabasogeza tena, mupaka ku sinema banatembea benyewe. Na sinema gani, jamani! Mikono inatoka ku mwili inaenda zake, muntu mzima anageuka nyungu.

Kalaba akafinyanga mumoja, na mikono yake ikaleta sura ya Mwenze, bwana yake, mwenye kufia ku mugodi wa Kambove. Hatukuwa na foto yake hata moja. Ile ya ku kitambulisho, bakubwa ba kazi balibeba. Miye nilipoona ile sura, nililia.

Padri akaipiga picha siku nzima.

"Mon père, unipatie huyu kisha kazi," Kalaba akaomba.

"Kisha kazi hatakuwa tena muntu, mama. Kesho namugeuza nyungu."

Ee, Kalaba hakulala! Asubuhi akaingia mbele padri hajafika, akamuficha Mwenze ndani ya kitambaa, akamuleta ku moto yetu. Sisi bafinyanzi tunajua: kitu mbichi ni matope tu, moto ndiyo inakichunga. Nani alituambia padri alichanganya mafuta ndani ya bulongo yenye alimupatia Kalaba, isikauke? Ikatoa moshi mweusi, ikalegea, ikaanguka vipande. Maji ikimwangika haizoleki. Kalaba alishika vile vipande mupaka vikamuchoma vidole.

Padri hakumugombeza. Akafinyanga mwingine yeye mwenyewe, sura ya ovyo, akamaliza kazi.

Siku ya Mungu moja, kisha misa, bakaonyesha ile sinema ku sale, chumba kikubwa ya parokia. Ya kwanza, Mwenze akatokea. Akageuza kichwa, akatuangalia. Kalaba akasimama.

"Simamisha! Simamisha hapo! Huyu iko bwana yangu!"

Floribert, mwenye kuendesha mashine, akamujibu kwa huruma: "Yaya, nikisimamisha, moto ya taa itachoma mukanda ya sinema. Itaungua palepale."

Moto tena. Ku ukuta mukono wa Mwenze ulikuwa unaanza kutoka, na bantu banacheka mupaka banashika matumbo. Kalaba akakaa tena.

"Basi, acha apite," akasema.

Mwenze akapita.