Kodi ya Nyumba Aliyopewa Furaha

Siku hizi sifungui barua isiyo yangu, na sababu ni hii. Mwaka 2017 mama aliamua kumpa binti yangu Furaha nyumba ya mtaa wa Observatory tunayoishi sote. Akaniruka mimi, mwanawe wa pekee. Roho iliniuma.

Mara ikaja barua yenye jina la Furaha, nikaifungua: alipe kodi ya zawadi. Eish! Nikajua ni mtego. Mama anajifanya mkarimu, kumbe anambebesha mjukuu mzigo, na wakili wake yumo. Nilimwacha mteja saluni na kichwa nusu kimesukwa, nikapanda teksi hadi ofisi ya wakili huko Randburg, nikaingia bila hodi.

"Kwa nini mnamlipisha mtoto?" nikafoka.

"Kodi hii hulipwa na anayetoa, si anayepewa," akajibu wakili. "Barua ni ya mama yako."

Ni mimi niliyempa binti yangu jina la bibi yake, kama ilivyo desturi yetu. Ila nyumbani nani humwita mama kwa jina?

Nyuma ya mlango mtu akakohoa. Alikuwa mama, kalamu mkononi, amekuja kusaini hati.

"Wakili," akasema, "si uliniuliza kwa nini namruka huyu?"