Udongo Ulioshuka kwa Mama Mkwe

Mwaka nilioolewa Muheto, kule milimani, ni ule ambao watu walikula mizizi ya migomba. Waliichimba, wakaikata vipande, wakaianika na kuitwanga, na uji wake ulikuwa mweusi, mchungu kama dawa ya minyoo. Mimi nilitoka Mpofi, kule msituni Walikale, ambako mwaka huohuo tulikula ndizi za kuchoma, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na nungu aliyenaswa kwenye mtego wa baba. Nililetwa kwenye njaa nikiwa na mwili wangu mzuri. Mama mkwe aliponiona tu, alisema mbele ya watu: "Huyu atatumalizia chakula."

Sijasahau. Nimezeeka na sijasahau.

Desturi ya mlima ule ilikuwa hivi. Bibi arusi hana moto wake. Anapika kwenye mafiga ya mama mkwe na kula anachopewa, mpaka apewe shamba, alilime, na avune maharagwe ya kujaza kapu kubwa. Siku hiyo mama mkwe mwenyewe anamwekea mawe matatu ndani ya nyumba yake. Kabla ya hapo, ukisikia njaa mchana, unaomba. Mimi kuomba sikufundishwa. Yale mawe matatu niliyataka kuliko nilivyomtaka mume wangu, na yeye mwenyewe nilimwambia.

Shamba nililopewa lilikuwa mlimani, limening'inia kama nguo kwenye kamba. La mama mkwe lilikuwa chini yake, mpaka kwa mpaka.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikubali. Kwetu msituni wanaume wanakata miti, inakauka, inachomwa, halafu mwanamke anapanda katikati ya magogo, palepale kwenye majivu. Hakuna kupindua udongo. Basi nilikata majani yote, nikayachoma, nikatoboa vishimo kwa kijiti na kutia maharagwe. Wanawake wa kilima waliona moshi wakaja mbio, wakidhani nyumba inaungua. Walinikuta nimeinama kwenye majivu, wakakaa chini kabisa ili wacheke vizuri.

Mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi shamba langu lilikuwa jekundu, limeoshwa kama sahani. Baada ya siku nane maharagwe yangu yaliota, lakini yaliota kwa mama mkwe.

"Aksanti, binti," aliniambia. "Umenipandia. Sasa utanipaliliaka lini?"

Nikamwambia, "Mama, unifundishe basi."

Akanifundisha, tena kwa bidii. Jembe likamatwe hivi, siyo kama mkuki. Uanze chini, upande juu, kila pigo uvute udongo miguuni. Maharagwe matatu kwenye shimo, siyo manne, maana la nne linakula ya wenzake. Mtama ufuate baadaye. Hayo yote yalikuwa kweli. Halafu akaongeza la mwisho: "Na mpaka iko safi. Usiache hata jani moja pale katikati ya shamba yako na yangu. Mwanamke wa maana anajulikana kwa mpaka yake."

Nilisafisha mpaka ule hadi ukang'aa. Wakati wa kupanda ulipofika nililima, nikavuna kikapu ambacho mtoto angekibeba kichwani akicheza. Nikalima tena, nikavuna nusu ya kile. Yeye huku chini alivuna mpaka akawaita dada zake waje kubeba. Jumapili kanisani aliomba kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa mashamba yake na kumwombea mke wa mwanawe aache uvivu. Watu wakaitika amina.

Aliyenifungua macho alikuwa Nyanya, mama wa baba mkwe. Alikuwa na jicho moja tu linaloona, na hilo moja lilitosha. Siku moja nikipalilia alipanda kwa fimbo yake, akavua viatu vya ngozi, akasimama kwenye shamba langu. Akashuka, akasimama kwenye la chini. Akaniita.

"Weka muguu hapa. Unasikia nini?"

"Laini," nikasema.

"Na kwako?"

"Mawe."

"Ndiyo, njo hivyo. Udongo yako yote iko inalala kwa mukwe wangu. Kila ukilima unaivuta chini kidogo, mvua inamalizia, na hakuna hata jani la kuishika. Anakula shamba mbili na anapalilia moja."

Nikamuuliza alijuaje. Alicheka hadi akakohoa.

"Nilijuaje? Mimi njo nilimufundisha. Alipokuja hapa ni bibi arusi, nilimupa ile shamba ya juu, nikamwambia mpaka iko safi. Nilikula udongo yake miaka tano."

"Sasa mbona unaniambia, Nyanya?"

"Usijidanganye, mutu wa pori. Weye sikupendi. Lakini yeye simupendi zaidi."

Huo ndio msaada wa ukoo nilioupata, na niliupokea kwa mikono miwili. Nikakumbuka magogo ya kwetu, yale tunayoyaacha yamelala shambani na hakuna anayeyasumbua. Nikakusanya vigogo vya migomba iliyokwisha kukatwa ndizi, nikavilaza kukata mlima, mstari juu ya mstari, nikavizuia kwa vijiti. Pale mpakani nikapanda matete, yakashikana kama meno. Wanawake wakapita wakisema, "Ona, analeta pori yake huku." Nikawajibu kwamba pori langu halikula mizizi ya migomba. Wakaharakisha hatua, maana bado tumbo lilikuwa linakumbuka.

Udongo ukaanza kukaa. Baada ya kila mvua niliukuta umejaa nyuma ya vigogo, mweusi, nikausambaza kwa mikono. Mavuno ya tatu yalijaza kapu kubwa hadi maharagwe yakamwagika njiani, nami sikuinama kuyaokota. Niliacha mama mkwe ayaone. Shamba lake chini lilikuwa la manjano, maganda membamba kama kidole cha mgonjwa.

Nilimwekea kapu mlangoni, nikangoja mawe yangu.

Hakuniwekea mawe. Jioni ileile baba mkwe aliita watu wa nyumba, kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kikawekwa katikati. Mama mkwe akasema ametazama, ameona kwamba shamba la juu linafaa mtu mzima, na mimi bado mwanafunzi. Nichukue la chini, yeye achukue la juu na magogo yake yote. Nikikubali, kesho asubuhi nina mafiga.

Nyanya alikuwepo, akinywa. Jicho lake lilikuwa linafurahi tu.

Nikasema, "Shamba hii sitaitoa. Nimeilima, nitaikula."

Mama mkwe akapiga makofi. "Musikie. Anajibu mama yake."

Mume wangu akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba shamba ni shamba tu, kwamba nimelilia mafiga miaka miwili na sasa yako hapa, nifunge mdomo, nitikise kichwa tu. Niliutoa mkono wangu kwenye mkono wake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa unaninyima chakula.

Baba mkwe akaweka mrija wake chini. Hakuwa mtu wa kelele.

"Binti," akasema, "mwanamke anayekataa neno la mama mkwe hawekewi mawe. Si leo, si mwakani. Utaendelea kuomba chakula mbele ya watoto utakaozaa. Umesikia vizuri? Sasa sema tena, nami nitalichukua kuwa neno lako."

Nilisimama, maana kwetu neno kubwa halisemwi umekaa.

"Shamba hii sitaitoa. Nimeilima, nitaikula."