Kunguni wa Ng'ambo ya Mfereji

Tobias Opiyo, mume wa shangazi yangu Benta, alikuwa mtu wa vipimo. Kila asubuhi, katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, alipima dawa kwa kopo, akaimimina ndani ya pipa la maji, akakoroga, kisha akawajazia wenzake mabomba ya mgongoni. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa kopo hilo. Kwa hiyo, mwaka 1957, dawa ilipoacha kuua kunguni wa kahawa, wadudu wanaofyonza buni changa, hakukuwa na mtu mwingine wa kushukiwa.

Sina hakika kama ninastahili kuieleza hofu yake. Nilisimuliwa na shangazi miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kufundishwa chuo kikuu maelezo ya jambo lililompata, na huenda maelezo hayo yamenizuia kusikia vizuri.

Mwanzia, nyapara wa shamba, ndiye aliyeanza. Alikung'uta tawi mbele ya watu wote. Kunguni wakaanguka, wakajigeuza, wakaanza kutembea.

"Opiyo, hii dawa yako ni ya kuua ama ya kuoga? Angalia! Wameoga, wamejikausha, sasa wanangoja chai!"

Watu wakacheka.

"Dawa ni ile ile, nyapara," Tobias akasema. "Kipimo ni kile kile."

"Basi ile ingine unapelekea nani? Watu wa msituni?"

Kicheko kikakatika. Hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni ilikuwa bado haijaondolewa, na neno kama hilo lilitosha kumpandisha mtu kwenye lori la polisi. Mwanzia alimpa muda hadi Jumamosi, siku ambayo meneja angekagua shamba.

Tobias akaongeza kipimo. Kopo moja likawa mawili. Mikono ikamwasha, midomo ikafa ganzi, na kunguni wakaendelea kula. Aliacha kumaliza chakula. Kila lori lililopita kwenye barabara ya Thika lilimkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekwisha kuitwa.

Lakini alikuwa na siri. Ng'ambo ya mfereji, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kulikuwa na miti ishirini ya kahawa ambayo hakuwahi kuinyunyizia dawa. Chini yake wanawake waliotoka Nyanza walichuma osuga na mboga nyingine zilizojiotea. "Baba Auma, utatulisha sumu?" Benta alimwuliza mwaka waliofika. Tangu hapo, kila zamu, Tobias alipita pale na bomba tupu, akipampu hewa, ili anayemtazama kwa mbali aone mtu kazini.

Ijumaa alikwenda ng'ambo akakusanya kunguni katika chupa. Chupa ya pili akaijaza kunguni wa shambani. Zote mbili akazitilia dawa ya pipa moja. Kabla maji ya chai hayajachemka, wale wa ng'ambo walikuwa wamelala chali. Wale wa shambani walikuwa wakipanda ukuta wa chupa.

Benta alipiga makofi. "Sasa umepona!"

Tobias akainua chupa ya kunguni wa shambani. "Hawa si wale wa zamani, Mama Auma. Wale dawa iliwaua, hawakuzaa. Hawa ni watoto wa waliobaki, na wajukuu wao. Miaka mitatu ninaua wanyonge na kuacha hawa wazae. Ni mkono wangu."

"Usiseme hivyo kwa meneja."

"Ataniuliza wale wengine wametoka wapi. Nikisema, nimefukuzwa. Nikinyamaza, ni lori."

Jumamosi meneja aliziinua chupa juani, moja baada ya nyingine.

"Hii nakufa natoka wapi?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kizungu, akimwonyesha Tobias chupa ya waliokufa.

Shangazi, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, aliona mumewe akivua kofia. Kisha akamsikia akisema yote: miti ishirini, mboga, bomba tupu.

"Miaka mitatu unapuliza upepo!" Mwanzia akaguta, akimtazama meneja ili wacheke pamoja.

Meneja hakucheka. Aliendelea kuitazama chupa ya waliokuwa hai, na shangazi aliapa kwamba uso wa mzungu yule ulikuwa umebadilika rangi.

"Wewe hapana mwizi," akasema hatimaye. "Kwenda piga dawa kule, leo. Nguvu mara mbili."

Tobias akaenda, safari hii bomba likiwa zito mgongoni. Wanawake walisimama milangoni wakitazama osuga zao zikilowa.

Jumapili, kulipopambazuka, Benta alimkuta amepiga magoti chini ya miti ile. Ardhi ilikuwa imefunikwa na kunguni waliokufa. Tobias alinyoosha kidole kwenye shina. Kunguni mmoja alikuwa akipanda, polepole, bila kuyumba.

Benta akamponda kwa kidole gumba.

"Huyo ni mmoja tu, Mama Auma," Tobias akasema, macho yake yakiwa juu, kwenye majani.